Nyumba Njema si Mlango: Ubunifu wa Makaazi Meru na Embu katika Mwaka 2024 na Suala la Istilahi za Ujenzi

Utangulizi

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutumiwa sana kuwaonya wanaohadaika na sura ya nje ya mtu. Hata hivyo, ikichukuliwa kwa maana yake ya moja kwa moja, inaibua swali ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawalijali sana: je, nyumba njema ni ipi, na huelezwa kwa lugha gani?

Makala haya yanachunguza swali hilo kwa kurejelea kaunti za Meru na Embu, zilizoko upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Mwaka 2024 umeteuliwa kwa sababu ulikuwa na matukio kadhaa yaliyogusa ujenzi wa makaazi nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba ubunifu wa nyumba za kisasa katika eneo hili umepiga hatua, lakini lugha ya ubunifu huo imebaki mikononi mwa wachache. Matokeo yake ni kwamba mwenye nyumba hulipia kitu asichoweza kukieleza wala kukihoji.

Msingi wa jadi

Haiwezekani kuujadili usasa bila kutaja ulikotoka. Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wakati wa ukoloni, yamehifadhi mfano wa boma la jadi la Ameru. Anayeingia humo huona nyumba za msonge: kuta za mviringo, nguzo za miti na paa la nyasi lililoteremka hadi karibu na ardhi. Kila jengo lilikuwa na jina na kazi yake. Nyomba ilikuwa nyumba ya mama na watoto, na gaaru ilikuwa makao ya vijana mashujaa. Kwa Aembu, mwanamume alikuwa na thingira, mahali pa kupokelea wageni na kuwafunza wana. Nafaka ziliwekwa katika ikumbi, neno linalofanana kwa sauti na ukumbi wa Kiswahili ingawa maana zake zimeachana: moja ni ghala, lingine ni mahali pa kukutania.

Katikati ya nyomba palikuwa na riiko, ambalo ndilo jiko kwa Kiswahili. Hapa ukoo wa lugha za Kibantu unajidhihirisha, na si katika sauti tu. Kiswahili kinaposema kwamba fulani amepata jiko kwa maana ya kuoa, kinakubaliana na mwenye nyomba kwamba moto ndio kiini cha nyumba. Moshi wa jiko hilo ulikausha nyasi za paa na kufukuza wadudu. Kwa hiyo jiko lilikuwa sehemu ya usanifu wenyewe, wala halikuwa pambo.

Matukio ya mwaka 2024

Tukio la kwanza lilikuwa la kisheria. Mnamo tarehe 19 Machi 2024, Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, baada ya mahakama kupinga utaratibu wa awali wa ushuru wa nyumba uliowekwa mwaka 2023. Sheria hiyo ilimtaka mwajiriwa atoe asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi, na mwajiri atoe kiwango sawa na hicho. Aidha, ilitambua nyumba nafuu za mashambani pamoja na zile za mijini. Jambo hili ni muhimu kwa Meru na Embu, ambako watu wengi hujenga katika shamba la familia.

Tukio la pili lilikuwa Kanuni za Taifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizokuja kuchukua nafasi ya kanuni za mwaka 1968. Kwa zaidi ya nusu karne ujenzi ulikuwa umeongozwa na kanuni zilizoandikwa wakati taifa lilikuwa na umri wa miaka mitano tu, kabla ya miji kama Embu na Meru kupanuka kama ilivyo leo.

Tukio la tatu lilikuwa la huzuni. Mvua za masika zilileta mafuriko katika sehemu nyingi za nchi, na mwishoni mwa Aprili maji yaliwaua makumi ya watu huko Mai Mahiu. Kisha mwezi Septemba, moto uliwaua wanafunzi 21 katika bweni la shule moja ya msingi katika Kaunti ya Nyeri, upande wa pili wa Mlima Kenya. Ikumbukwe kwamba mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 ulikuwa umekwisha kuagiza kwamba milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwekwe vyuma. Misiba hii miwili ilikumbusha taifa kwamba mchirizi, mlango na dirisha si mambo ya urembo. Ni mambo ya uhai.

Tukio la nne lilihusu mbao. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma iliyowekwa Februari 2018 ilitangazwa kuondolewa Julai 2023, na mjadala juu yake ukafika mahakamani. Katika Meru na Embu suala hili lina uzito wa kipekee. Msitu wa Mlima Kenya, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, ndio makao ya muuru, mti ambao mbao zake zimesifika kwa samani. Kwa kuwa miti ya asili inalindwa, mafundi wengi hutegemea mukima unaopandwa mipakani mwa mashamba. Paa la nyumba ya kisasa, kenchi zake na hata vitanda vilivyomo ndani hutokana mara nyingi na mti huo uliokua kando ya kahawa au mahindi.

Umbo la nyumba na tabia ya nchi

Ikweta hupita karibu sana na mji wa Meru, na mji wa Embu uko kusini kidogo. Jua katika eneo hili hupita takribani juu ya utosi mwezi Machi na mwezi Septemba. Kwa hiyo kuta zinazoumizwa zaidi na jua ni zile za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Msanifu majengo mwenye busara huelekeza pande ndefu za nyumba kaskazini na kusini, na huupanua upenu ili kuta na madirisha yapate kivuli.

Hata hivyo, eneo hili si moja kwa hali ya hewa. Manyatta na Runyenjes ziko nyanda za juu zenye chai, kahawa na baridi ya Julai. Mbeere iko chini, kavu na yenye joto. Vivyo hivyo, Imenti yenye mvua haifanani na Tharaka jirani iliyoko bondeni. Pamoja na tofauti hizo, ramani zinazouzwa mijini hufanana kama sare za shule. Nyumba yenye vioo vipana inayofaa kwenye ubaridi wa mlimani hupelekwa Mbeere bila kubadilishwa, na wenyewe hulazimika kufunga mapazia mchana kutwa.

Mtindo uliopata umaarufu katika miaka ya karibuni ni ule wa paa la kufichwa, ambapo ukuta huinuliwa ili mabati yasionekane na nyumba ionekane kama sanduku. Kwa macho ni mtindo nadhifu. Lakini maji yaliyokuwa yakishuka kwenye mchirizi wa nje sasa hukusanyika nyuma ya ukuta. Majani yakiziba mfereji, maji hurudi darini. Aidha, upenu ukiondolewa, mvua hupiga ukuta moja kwa moja na jua huingia bila kizuizi. Msonge wa mababu, ambao paa lake liliteremka chini, ulikuwa umelitatua tatizo hilo kitambo.

Hii haimaanishi kwamba watu warudi kwenye nyasi. Mfano mwema unapatikana katika kazi za Francis Kéré, msanifu majengo mzaliwa wa Gando, Burkina Faso, ambaye mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker. Katika shule ya msingi aliyoijenga kijijini kwao na kuikamilisha mwaka 2001, alitumia matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, kisha akainua paa la bati juu ya dari ili hewa ipite katikati na kuondoa joto. Nchini Kenya, kazi yake inaonekana katika chuo cha teknolojia kilichojengwa Turkana. Udongo, bati na upepo vyote vinapatikana Mbeere. Kinachohitajika ni mtu wa kuvipanga.

Ndani ya nyumba

Mabadiliko makubwa zaidi yametokea ndani. Sebule ambayo zamani ilijaa viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono sasa ina dari ya jipsamu yenye taa zilizofichwa, sakafu ya vigae na ukuta mmoja uliopambwa mahususi kwa ajili ya televisheni. Jiko limeunganishwa na sebule bila ukuta kati yao.

Muungano huo una maana ya kijamii. Mpishi hatengwi tena na mazungumzo, na katika hili usasa umerudi kwenye nyomba bila kujua, kwani humo pia moto na maongezi vilikuwa mahali pamoja. Lakini githeri huhitaji saa nyingi motoni, na gesi ni ghali. Kwa sababu hiyo familia nyingi huwa na jiko la pili nje, la kuni, mara nyingi kibanda chenye moshi na kisicho na dohani. Jiko la ndani huonyeshwa wageni, na la nje ndilo linalolisha nyumba. Mwenye kutumia muda mwingi katika moshi huo ni mwanamke. Ubunifu unaopamba jiko moja na kulisahau lingine haujafungua mlango ukaingia ndani, kama methali inavyotaka.

Suala la istilahi

Tuseme mkulima wa majani chai wa Runyenjes ameweka akiba kwa miaka kumi na sasa anataka kujenga. Ramani anayopewa imeandikwa kwa Kiingereza. Fundi anamweleza kuhusu linta, ringi na slebu. Binti yake anataka masta ensuiti. Mkulima anatikisa kichwa na kulipa. Ukuta ukipata ufa baada ya mwaka mmoja, hana maneno ya kuuliza ni nini kilichokosewa, wala hana maandishi anayoweza kuyasoma.

Hali hii si ya lazima. Kiswahili kina hazina ya maneno ya ujenzi yaliyokomaa kwa karne nyingi katika miji ya pwani kama Lamu, ambao mji wake mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kuna daka, sebule, ukumbi, zidaka na boriti. Kuna kizingiti, miimo, bawaba, upenu, roshani na kenchi. Mwashi ana timazi ya kupimia wima wa ukuta na pimamaji ya kupimia ulalo wake. Maneno haya yamo katika kamusi sanifu, lakini hayamo katika ramani.

Wapo wanaodai kwamba maneno ya pwani ni mageni kwa Mmeru na Mwembu. Dai hili lina ukweli kiasi, kwani zidaka halina maana kwa mtu asiyewahi kuona ukuta wa matumbawe. Lakini tiba yake si kuyakimbilia maneno ya Kiingereza, ambayo ni mageni zaidi. Tiba ni kuchuja. Maneno yaliyozoeleka kama linta na slebu yakubaliwe, kwa kuwa fundi anayaelewa. Yale ya Kiswahili yanayoeleweka, kama upenu na mchirizi, yapewe nafasi ya kwanza. Pale ambapo lugha za wenyeji zina neno bora, Kiswahili kiazime: hakuna neno sanifu linalobeba maana yote ya thingira, yaani chumba cha mwanamume, cha wageni na cha malezi kwa pamoja.

Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Raia anayekatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba anastahili kuelezwa nyumba hiyo kwa lugha anayoielewa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwaka 2024 uliacha funzo la aina mbili. Sheria na kanuni mpya zilifungua njia ya ujenzi bora, na misiba ikakumbusha gharama ya kupuuza mambo madogo. Imebainika pia kwamba nyumba ya kisasa ya Meru na Embu itafaa zaidi ikizingatia jua, mvua na moshi kuliko ikizingatia picha.

Inapendekezwa kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na mafundi pamoja na wanafunzi wa usanifu majengo kukusanya istilahi zinazotumika katika maeneo ya kazi, na kuandaa ramani za mfano zenye maelezo ya Kiswahili. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, masikio na subira ya kukaa na mwashi mchana mmoja. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili ufa uko kwenye lugha, na wanaofunzwa kuuziba ni wanafunzi wa Kiswahili wenyewe.