Somo la Utalii wa Vijijini: Kupanga Mzunguko wa Baiskeli Kuanzia Masimba

Lengo la somo: Baada ya kusoma makala haya, kikundi cha vijana, chama cha wazee au klabu ya shule kiweze kuchora mzunguko wa baiskeli wa siku moja, kuupima, na kukubaliana na wenyeji kabla ya kumwalika mgeni wa kwanza.

1. Kwa nini mzunguko?

Kila siku matatu na malori hupita Keroka yakienda Kisii au Sotik. Abiria hununua ndizi kupitia dirishani, gari linaondoka, na hajui kwamba Masimba iko karibu. Barabara inayonyooka humpitisha mgeni, haimsimamishi.

Njia ya mviringo hufanya kazi tofauti. Mgeni huacha mzigo wake Masimba asubuhi, anazunguka vijijini kwa baiskeli, kisha anarudi pale pale alipoanzia. Akirudi ana njaa na amechoka. Atakula, atatafuta fundi wa kukaza breki, na huenda akalala. Pesa yake haibaki mahali pamoja. Inagawanyika kila anaposimama. Kwa hiyo swali la kwanza la mpangaji si "njia ipite wapi?" bali "mgeni asimame wapi, na kwa nini?"

2. Mfano wa Uhispania

Uhispania ina njia ndefu ya watalii iitwayo Camino del Cid. Imepewa jina la Rodrigo Díaz, mpiganaji aliyefariki Valencia mwaka 1099 na ambaye habari zake zilitungiwa utenzi mkongwe. Njia hiyo hupita miji midogo na vijiji vya kale kama Atienza, Molina de Aragón na Albarracín. Ndani yake mna mizunguko ambayo wenyewe huiita "pete". Mmoja wa mizunguko hiyo uko katika eneo la ziwa la Gallocanta.

Mambo mawili yanafaa kuigwa. Kwanza, njia hiyo husimamiwa kwa pamoja na serikali za mikoa 8. Hakuna mkoa unaodai kwamba hadithi yote ni yake. Pili, msafiri hupewa kijitabu, na kila kijiji anachosimama hupigiwa muhuri. Muhuri ni kitu kidogo, lakini humfanya aingie dukani, kwenye mkahawa au nyumba ya wageni, asalimiane na watu.

3. Sisi si Uhispania

Hata hivyo, tusinakili bila kufikiri. Mkoa wa Teruel, ambako njia hiyo hupita, una wakazi wapatao 9 tu kwa kila kilomita mraba. Vijiji vyake vimehamwa, na mzunguko wa baiskeli ni njia mojawapo ya kuvirudishia uhai. Kaunti ya Kisii, kwa mujibu wa sensa ya 2019, ina watu 1,266,860, yaani zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Kwetu hakuna kijiji kitupu.

Tofauti hii inabadilisha mpango mzima. Kule mgeni huenda kutazama kuta za mawe na kupata utulivu. Hapa atakutana na watoto wakienda shule, ng'ombe wakipelekwa mtoni, bodaboda, na mama aliyebeba majani ya chai. Watu ndio hazina ya njia yetu, na ndio wanaoweza kugongwa. Kwa sababu hiyo mzunguko wa Masimba uwe wa mwendo wa pole, usiwe wa mashindano.

4. Vituo na habari zake

Tuchukue mfano: Masimba, Keroka, Gesusu, Kiamokama, kisha kurudi Masimba. Kila kituo kiwe na jambo moja la kueleza.

Keroka ni mji wa soko ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira. Hapa mgeni afundishwe jinsi soko linavyounganisha kaunti mbili. Katika msongamano, ashuke na kuikokota baiskeli.

Gesusu panafaa kwa habari za ebisarate. Hizi zilikuwa kambi ambako vijana wa Abagusii walilala na mifugo na kuilinda dhidi ya wavamizi. Serikali ya kikoloni ilizivunja mwanzoni mwa karne ya 20. Hazijaacha majengo ya mawe, kwa hiyo mzee anayezijua habari zake ndiye jumba la makumbusho. Akiondoka kabla hajarekodiwa, kituo kimefungwa.

Kiamokama kuna kiwanda cha chai. Ziara ya ndani huhitaji idhini ya kiwanda, lakini shamba la mkulima linatosha kumwonyesha mgeni namna ya kuchuma majani mawili na chipukizi, na kituo cha kununulia chai kinavyofanya kazi. Wazee wanaweza pia kusimulia enzi za pareto, zao lililowahi kulipia karo nyingi katika nyanda hizi.

Tahadhari: msihamishe historia. Mwaka 1908 Otenyo alimchoma mkuki ofisa Mwingereza, Geoffry Northcote, kwa kuhimizwa na nabii Moraa. Northcote alipona, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Hii ni habari ya Gusii nzima, lakini kiini chake ni Kitutu. Mweleze mgeni hivyo. Msimwambie kwamba ilitokea chini ya mti wenu. Uongo mmoja ukigunduliwa, hata ukweli wenu hautaaminika.

5. Kupima njia

Gurudumu. Piga alama ya chaki kwenye tairi, isukume baiskeli hadi alama irudi chini, kisha pima ardhini. Baiskeli kubwa ya kawaida huenda takriban mita 2.2 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Mizunguko 300 ni mita 660. Kwa njia hii wanafunzi wanaweza kupima vipande vifupi hata bila simu.

Mlima. Ukipanda mita 100 katika kilomita 2, huo ni mwinuko wa asilimia 5. Mtu mwenye baiskeli isiyo na gia huenda akashuka na kusukuma. Andikeni ukweli huo kwenye ramani.

Muda. Kwa milima yetu, kadirieni kilomita 10 kwa saa. Mzunguko wa kilomita 30 ni saa 3 za kuendesha. Ongezeni vituo 4, ikiwemo chai ya asubuhi, kwa dakika 30 kila kimoja: saa 2. Jumla ni saa 5. Mkiondoka saa moja asubuhi, mtarudi saa sita mchana. Hilo ni muhimu kwa sababu radi na mvua ya mawe kwetu huja zaidi alasiri, na barabara ya udongo ikilowa huteleza.

Usalama. Endesheni upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine. Kagueni breki kabla ya mteremko, si baada yake. Bebeni pampu, viraka vya pancha na spana. Punguzeni kadiri iwezekanavyo sehemu inayopita barabara kuu ya lami.

6. Makubaliano kabla ya mgeni

Mwenye boma aulizwe kwanza, na akikataa, njia ibadilishwe. Makaburi na mahali pa mila pasipelekwe wageni bila idhini ya ukoo. Watoto wasipigwe picha bila mzazi kukubali. Bei ya obokima, chinsaga au chai ya maziwa ijulikane mapema, na anayepika alipwe siku hiyo hiyo. Mzee anayesimulia naye alipwe. Kumbukumbu zake ni kazi kama kazi nyingine.

7. Nani anahusika?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la barabara za kaunti na utalii wa ndani ya kaunti. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo, daraja bovu kwenye njia yenu litajweni katika vikao vya ushirikishaji wa umma vya wadi. Orodha iliyopimwa kwa gurudumu, ikionyesha mahali na urefu wa kila kipande kibovu, husikilizwa zaidi ya lalamiko la jumla.

Maswali ya kujadili

1. Taja mahali patatu katika wadi yako panapostahili mgeni kusimama. Nani ataeleza habari zake?
2. Pima kipande cha njia kutoka shuleni hadi sokoni kwa gurudumu. Kina mita ngapi?
3. Mgeni akitumia shilingi 1,000 katika mzunguko wenu, zitafika mikononi mwa watu wangapi? Ikiwa ni mmoja tu, chora njia upya.