Umbali, muda na mwendokasi: anza na kimoja

Ukikutana na swali la umbali na muda, jiulize jambo moja kabla ya kushika kalamu: kwa saa 1, kilomita ngapi? Au kwa kilomita 1, dakika ngapi? Ukishapata thamani ya kimoja, kilichobaki ni kuzidisha tu.

Tazama mfano wa kweli. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, mwanariadha Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbele yake lilikuwepo gari lililoshika kasi moja, likimulika mistari ya leza barabarani ili wenzake wanaomsindikiza wasiongeze wala wasipunguze mwendo. Mpango mzima ulisimama juu ya namba moja: dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita.

Ifanyie kazi namba hiyo. Igeuze iwe sekunde: 170. Kilomita 5? 170 × 5 = 850, yaani dakika 14 na sekunde 10. Kilomita 10? Dakika 28 na sekunde 20. Mbio nzima? 170 × 42.195 ni takriban sekunde 7,173, sawa na saa 1, dakika 59 na sekunde 33. Kipchoge alitofautiana na hesabu hiyo kwa sekunde 7 tu. Huo ndio uzuri wa kasi isiyobadilika: ukijua kilomita moja, unaijua safari yote.

Kariri mstari mmoja: umbali = mwendokasi × muda. Wengi hufundishwa ile pembetatu ya herufi tatu za umbali, mwendokasi na muda, na kama umeizoea, endelea nayo. Kwangu mimi mstari huu unatosha. Ukitafuta muda, gawanya umbali kwa mwendokasi. Ukitafuta mwendokasi, gawanya umbali kwa muda.

Hakikisha kwanza kwamba kasi ni moja kweli. Ukipewa jedwali, gawanya umbali kwa muda katika kila mstari. Saa 2 kwa km 130, saa 3 kwa km 195, saa 5 kwa km 325: kila mara unapata 65, kwa hiyo uko salama. Mstari wa mwisho ungekuwa km 310, ungepata 62, na hapo usingeweza kutumia 65 kwa safari nzima. Kwenye grafu, tafuta mstari ulionyooka unaoanzia sifuri. Mstari ukiwa mkali zaidi, kasi ni kubwa zaidi.

Angalia safari imeanzia wapi. Basi limeondoka kituo kilicho km 15 nje ya mji, likienda km 60 kwa saa na kuzidi kuuacha mji. Baada ya saa 1 liko km 75 kutoka mjini, baada ya saa 2 liko km 135. Ukigawanya 75 kwa 1 na 135 kwa 2, majibu hayalingani. Toa zile 15 kwanza. Zinabaki 60 na 120, na hesabu inakaa sawa.

Sasa vipimo, mahali ambapo alama nyingi hupotea. Saa 1 na dakika 30 ni saa 1.5. Ukiandika 1.30, jibu lote limeharibika. Dakika zigawanye kwa 60: dakika 45 ni saa 0.75, dakika 12 ni saa 0.2. Dakika 20 ziache kama 1/3 ya saa, maana 0.33 itakuletea jibu lenye mkia. Na ukitakiwa kutoka km kwa saa kwenda mita kwa sekunde, gawanya kwa 3.6. Km 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde. Kurudi nyuma, zidisha kwa 3.6.

Saa zetu za Kiswahili nazo zina mtego. Basi limeondoka saa 12:00 asubuhi, limefika saa 4:30 asubuhi. Mwanafunzi anatoa 4.5 kutoka 12 anapata 7.5. Ihesabu ile 12 kama sifuri: muda ni saa 4 na nusu. Likiondoka saa 11:40 alfajiri na kufika saa 3:10 asubuhi, gawa safari kwenye saa 12. Dakika 20 kabla yake, saa 3 na dakika 10 baada yake, jumla saa 3 na nusu.

Wakati mwingine kutafuta kimoja ni kujichosha. Pikipiki imekwenda km 24 kwa dakika 40. Kwa dakika 100 itakwenda umbali gani? Usihangaike na dakika 1. Uliza 100 ni mara ngapi ya 40: mara 2.5. Basi umbali nao ni mara 2.5, yaani km 60.

Umbali ukibaki uleule, kasi na muda huenda kinyume. Safari ya saa 3 kwa km 80 kwa saa ni km 240. Ukishuka hadi km 60 kwa saa, utatumia saa 4. Kasi imepungua, muda lazima uongezeke. Jibu lako likisema kinyume, umekosea.

Hapa kuna swali linalowaangusha hata wanaojiamini. Umeenda km 120 kwa km 60 kwa saa, ukarudi kwa km 40 kwa saa. Wastani wa mwendokasi ni ngapi? Mkono unakimbilia 50. Hesabu muda: kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla saa 5. Umbali wote ni km 240. Wastani ni km 48 kwa saa. Daima chukua umbali wote, gawanya kwa muda wote.

Magari mawili yakielekeana, jumlisha kasi zao. Moja likilifukuza jingine, toa kasi ndogo kutoka kasi kubwa. Miji ikiwa umbali wa km 280, moja likija kwa 80 na jingine kwa 60, yatakutana baada ya 280 ÷ 140, yaani saa 2.

Kabla hujapiga mstari chini ya jibu, lipime na dunia unayoijua. Mtu hutembea karibu km 5 kwa saa. Basi la abiria Tanzania lina kikomo cha km 80 kwa saa. Treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) kati ya Dar es Salaam na Dodoma imesanifiwa kwenda hadi km 160 kwa saa. Ukipata basi la km 400 kwa saa, rudi kwenye dakika zako, huenda hukuzigeuza.

Na kila jibu liandikie kipimo chake, km, saa au km/saa, kabla hujahamia swali linalofuata.