SOMO LA TAWI: BWANA NA MTUMISHI KATIKA SINEMA ZA KALE



Hapa Abuku tunajiuliza mara kwa mara: mfanyakazi akipewa kiti cha bwana, je, unyonyaji umekwisha? Sinema za kale zisizo na sauti zinatusaidia kujibu.

Mwaka 1919 Cecil B. DeMille wa Marekani alitengeneza sinema iitwayo Male and Female, kutokana na mchezo wa kuigiza wa J. M. Barrie wa mwaka 1902. Humo yumo tajiri wa Kiingereza, Lord Loam, pamoja na jamaa zake na mtumishi wao mkuu, Crichton. Chombo chao kinavunjika baharini, wanatupwa kisiwani. Huko cheo hakiwashi moto wala hakijengi kibanda. Crichton anajua kazi, mabwana hawajui. Njaa inawafundisha kumtii, naye anakuwa kama mfalme wao. Lady Mary, binti wa tajiri, yu karibu kuolewa naye, mara meli ya kuwaokoa inatokea. Wakifika Uingereza, bwana ni bwana tena, na Crichton ni mtumishi tena.

Mwaka 1921 Charlie Chaplin alitoa The Idle Class. Aliigiza watu wawili: maskini anayetangatanga na tajiri mlevi. Sura ni moja, nguo mbalimbali. Katika karamu, mke wa tajiri anamdhania yule maskini kuwa ndiye mumewe.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tajiri hakuzaliwa na damu tofauti na yetu. Kinacholisha watu ni kazi.

Pili, kubadilishana viti si kubadilisha mambo. Kisiwani bado palikuwa na mmoja wa kuamuru na wengine wa kutumika. Tena hapakuwa na mapatano yoyote ya kudumu, hivyo meli ilipokuja, Crichton alipoteza yote.

Wazee wetu waliotoka West Nile kwenda kukata miwa Lugazi na Kakira walimjua nyapara. Hata akiwa mtu wa kwao, kazi yake ilikuwa kumsimamia mkata miwa kwa niaba ya mwenye shamba.

Basi, mwenzetu akipandishwa cheo tumpongeze, lakini tusilale. Tudai mkataba ulioandikwa juu ya mshahara, saa za kazi na matibabu. Nyapara huja na kuondoka. Mkataba hubaki, nasi tukiwa pamoja tutaulinda.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini Crichton alirudi kuwa mtumishi?
2. Mahali petu pa kazi, ni ahadi zipi ambazo bado hazijaandikwa?