Moyo Bandia au Moyo Mtambo? Tatizo la Istilahi kwa Mfano wa Nyeri

Utangulizi
Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kuueleza moyo unaoundwa na wahandisi na kupandikizwa kifuani mwa mgonjwa. Mfano umetolewa Nyeri, ambako Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi hufundisha uhandisi kwa Kiingereza, ilhali wagonjwa wengi wa Othaya na Karatina hujieleza kwa Kiswahili au Kikuyu.

Muundo wa kifaa
Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Upande wa kulia hupeleka damu mapafuni kwa shinikizo dogo; wa kushoto huisambaza mwilini kwa shinikizo kubwa. Mbunifu hana budi kuoanisha kazi hizo mbili katika nafasi finyu, kwa vitu visivyosababisha damu kuganda. Jarvik-7, uliopandikizwa Utah, Marekani, mwaka 1982, uliendeshwa kwa hewa kutoka kwenye mashine kubwa iliyokuwa nje ya mwili. Mgonjwa aliishi siku 112. BiVACOR, uliopandikizwa ndani ya binadamu kwa mara ya kwanza Houston mwaka 2024, hauna vali. Kisahani kimoja huzunguka kikiwa kimeelea kwa nguvu ya sumaku, hivyo hakichakazwi na msuguano.

Tatizo la istilahi
Istilahi inayokuja upesi ni "moyo bandia". Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili amezoea noti bandia na dawa bandia, yaani vitu vya udanganyifu. Ni vigumu mtu kuukabidhi uhai wake kwa kitu chenye jina hilo.

Aidha, neno "moyo" lenyewe lina mtego. Kwa Kikuyu, moyo ni "ngoro". Neno "muoyo", linalokaribiana na "moyo" kimatamshi, maana yake ni uhai. Mzee anayeambiwa kwamba moyo wake utaondolewa anaweza kuelewa kwamba uhai wake ndio utakaoondolewa. Akikataa, amekataa jambo ambalo hakuelezwa; akikubali, idhini yake haina msingi. Isitoshe, kauli hiyo haieleweshi hata kitabibu, kwani vifaa vilivyotajwa huchukua nafasi ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na vyumba vya juu huunganishwa navyo.

Hitimisho
Inapendekezwa kutumia "moyo mtambo", kwa muundo wa nomino mbili kama ule wa "askari kanzu" na "mbwa mwitu". Istilahi hii hutaja kazi ya kifaa bila kukishuku. Hata hivyo, istilahi pekee haitoshi. Mkalimani wa hospitali aseme waziwazi: vyumba viwili vilivyochoka vitatolewa, mtambo utasukuma damu mahali pake, na uhai utabaki kuwa wa mgonjwa mwenyewe. Kazi ya kuunda maelezo ya namna hiyo ni ya wanafunzi wa Kiswahili, si ya wahandisi pekee.