Punda Mgeni Akae Pembeni Siku 21



Safu hii ni ya afya ya watu, lakini leo tutajifunza afya ya punda. Msishangae. Punda ndiye anayeleta maji nyumbani. Ndiye anayepeleka mahindi mashineni. Pengine ndiye anayemfikisha mgonjwa zahanati. Punda akilala, mama anarudi kubeba ndoo kichwani, na mgonjwa anachelewa kutibiwa.

Magonjwa mawili

Punda na farasi ni ndugu. Huugua magonjwa mengi yaleyale. Tuyajue mawili yanayoambukiza sana.

La kwanza ni mafua ya farasi. Mnyama hupata homa, hukohoa, hutoka makamasi na hukataa chakula. Dalili huonekana upesi, mara nyingi baada ya siku 1 hadi 3.

La pili ni ugonjwa wa majipu ya koo. Tezi za chini ya taya huvimba, kisha hupasuka na kutoa usaha. Kumeza huwa taabu. Dalili huweza kuchukua siku 3 hadi 14. Punda aliyepona huweza kuendelea kuambukiza wenzake, ingawa anaonekana mzima.

Ugonjwa husafirije?

Ugonjwa hauna miguu. Hupita kwa kikohozi na kwa punda kugusana pua. Hupita pia katika hori, ndoo, kamba na matandiko. Na hubebwa na sisi wenyewe, kwa mikono na nguo zetu.

Mfano mzuri ni nchi ya Australia. Mafua ya farasi yalikuwa hayajapata kuingia huko. Farasi waliotoka nchi za nje waliwekwa kwanza katika kituo cha karantini, yaani mahali pa kutengwa. Lakini mwezi Agosti 2007 ugonjwa ulitoka nje. Tume ya uchunguzi iliona kwamba yaelekea virusi vilitolewa na mtu au kifaa. Watu walioshughulikia farasi hawakusimamiwa ili waoge na kubadili nguo kabla ya kutoka. Farasi zaidi ya 70,000 waliambukizwa. Farasi walizuiwa kusafirishwa, wengi wakachanjwa, na ugonjwa ukakomeshwa mwishoni mwa mwaka huo.

Tunajifunza nini? Ua peke yake hautoshi. Anayeingia na kutoka asiponawa, ugonjwa hutoka naye.

Mambo ya kufanya

1. Punda aliyenunuliwa mnadani, au aliyerudi kutoka kuazimwa, atengwe siku 21. Afungwe mbali na wenzake, wasigusane pua.

2. Mgeni awe na ndoo, kamba na matandiko yake. Msichangie.

3. Kila siku wahudumieni kwanza punda wazima, halafu mgeni, na mgonjwa awe wa mwisho.

4. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni. Osha viatu. Badili nguo, uzifue na kuzianika juani.

5. Kisimani kila mtu anyweshe punda wake kwa ndoo yake mwenyewe.

6. Fagieni zizi kila siku. Osheni hori kwa maji na sabuni.

Punda akiugua

Punda ni mvumilivu. Huficha maumivu. Akikataa kula na kusimama ameinamisha kichwa, msingoje kesho. Mtengeni, kisha mwiteni afisa mifugo. Waambieni na majirani. Kunyamaza kwa sababu ya aibu kunaweza kuwaambukiza punda wa kijiji kizima.

Msimpe vidonge vya zahanati. Vidonge hivyo vimepimwa kwa ajili ya watu, na dawa za kuua bakteria haziui virusi vya mafua.

Mwenye mafua apumzike wiki 3 au zaidi, asibebe mzigo. Akifanyishwa kazi mapema, mapafu yake huweza kudhurika. Wiki 3 za kubeba maji wenyewe ni taabu, lakini kumpoteza punda ni taabu kubwa zaidi. Wala msimpeleke mnadani. Anayeuza punda mgonjwa anauza ugonjwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini punda mgeni atengwe hata kama anaonekana mzima?

2. Kwa nini mgonjwa ahudumiwe mwisho?

3. Hapa kijijini petu, punda hukutana wapi? Tufanye nini mahali hapo?