Idadi na Kiasi katika Majaribio ya Faili za Takwimu: Mfano wa Migori na Homa Bay

Programu ya kompyuta inapomaliza kukokotoa, aghalabu huandika matokeo yake katika faili. Ili kuyathibitisha, wanaprogramu hutumia programu saidizi zinazolinganisha faili hiyo na faili ya marejeleo ambayo usahihi wake umekwisha kuhakikiwa. Makala hii inadhihirisha kuwa ulinganishaji huo hufaa tu iwapo idadi imetenganishwa na kiasi.

Sensa ya Kenya ya Agosti 2019 inatoa mfano mwafaka. Katika Kaunti ya Migori walihesabiwa wanaume 536,187, wanawake 580,214 na huntha 35, jumla 1,116,436. Homa Bay walikuwa wanaume 539,560, wanawake 592,367 na huntha 23, jumla 1,131,950. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza nchini kuwahesabu huntha.

Ichukuliwe kwamba programu mbili zinakokotoa asilimia ya wanawake wa Migori. Moja yaandika 51.97, nyingine 51.9702. Kilinganishi cha herufi kitadai kuwa pana kosa, ilhali tofauti imetokana na kukadiria desimali tu. Kwa sababu hiyo, programu saidizi huwekewa tofauti inayoruhusiwa: nambari mbili zikikaribiana kiasi hicho, huhesabiwa kuwa sawa.

Hata hivyo, ruhusa hiyo ina hatari. Tuseme programu imeisahau safu ya huntha, ikatoa jumla ya Migori kuwa 1,116,401. Endapo tofauti inayoruhusiwa ni sehemu 1 kwa 10,000, yaani takriban watu 111, jaribio litafaulu na watu 35 watakuwa wamefutwa pasipo onyo lolote. Huntha 23 wa Homa Bay watapotea vivyo hivyo. Hata kilinganishi cha allclose cha maktaba ya NumPy, kisipoagizwa vinginevyo, huruhusu takriban sehemu 1 kwa 100,000. Kwa Migori hao ni watu 11.

Kiswahili chenyewe kinaelekeza suluhisho. Idadi huulizwa kwa kiambishi na mzizi -ngapi: watu wangapi? Kipimwacho huulizwa: kiasi gani? Basi safu za idadi zilinganishwe bila kuruhusu tofauti yoyote, na jumla ihakikiwe dhidi ya sehemu zake. Safu za kiasi, kama asilimia, ndizo ziruhusiwe tofauti ndogo.

Kwa kuhitimisha, mtu hakadiriwi kama desimali. Jaribio lisilozingatia hilo huwapoteza kwanza walio wachache.