Umeme ni Mtumishi Mkali

Giza linapoingia Bunia, taa huwaka hapa na pale. Nyumba moja hupata umeme wa nyuzi zipitazo juu ya milingoti kando ya njia. Nyingine ina mashine ndogo ya petroli inayonguruma nyuma ya jiko. Umeme huwasha taa, husaga unga, huchomelea vyuma, hujaza simu. Ni mtumishi mwema. Lakini mtumishi huyu haonekani wala hana harufu, na akimkamata mtu hatazami kama ni mkubwa au mdogo.

Nguvu yake

Huko Budana, maji ya mto Shari huzungusha mashine kubwa za umeme. Mashine hizo zilijengwa kwa ajili ya machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto, na umeme wake ukafika hata Bunia. Umeme wa safari ndefu husukumwa kwa nguvu nyingi sana, ili usipotee njiani. Nguvu hiyo ya kuusukuma hupimwa kwa volti. Katika nyuzi zitokazo Inga, karibu na mwisho wa mto Kongo, hata Kolwezi, volti ni 500,000. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 1,700 hivi, nayo ilimalizika mwaka 1982. Kabla umeme haujaingia nyumbani, nguvu yake hupunguzwa katika transfoma, mpaka ziwe volti 220 tu.

Lakini mtu asiseme, "Volti 220 ni kidogo." Taa ya wati 100 hupitisha karibu nusu ya ampea. Sehemu moja tu ya kumi ya ampea, ikipita kifuani, yaweza kuusimamisha moyo.

Mbona basi ndege hutua juu ya waya asife? Ni kwa sababu miguu yake yote miwili imo juu ya waya mmoja, wala hagusi kitu kingine. Umeme haupati njia ya kupita mwilini mwake kwenda chini. Mtu aliyesimama ardhini akigusa waya ule ule, mwili wake huwa njia. Akiwa amelowa maji, au hana viatu, njia hiyo huwa nyepesi zaidi.

Tena umeme hukaza misuli. Mkono ulioshika waya hujifunga wenyewe, na mtu hawezi kuuachia hata akitaka. Ndiyo sababu watu husema, "Umeme umemshika."

Usimguse!

Fikirini, watoto, nyumba moja ya mtaa wa Nyakasanza. Mvua imekwisha kunyesha. Kijana ametoka nje bila viatu kutengeneza waya wa taa, na mashine ya petroli ingali inanguruma. Mara anashika mahali ambapo waya umechubuka. Mwili unatetemeka, meno yanakazana, sauti haitoki. Mdogo wake anamwona, analia, "Yaya! Yaya!" na kumkimbilia amvute.

Mzee jirani, aliyefanya kazi ya umeme miaka mingi, anapiga kelele toka uani kwake: "Mtoto, usimguse! Zima mashine kwanza!"

Mtoto anasimama. Moyo unamwambia, "Mshike ndugu yako." Lakini anatii, anakimbia nyuma ya jiko, anazima mashine. Papo hapo mkono wa yaya unaachia, naye anaanguka.

Kama mtoto yule angalimshika ndugu yake, umeme ungalipita katika mwili wake pia, na mama yao angaliwakuta wote wawili chini. Mara nyingi imetokea hivyo: mtu wa kwanza hushikwa kwa bahati mbaya, wa pili hushikwa kwa upendo. Upendo ni mwema, lakini uende pamoja na akili. Kwanza kata umeme, kisha mguse mwenzako.

Na kama umeme wa nyumbani hauwezi kuzimwa upesi? Mwokozi asimame juu ya ubao mkavu, ausukume waya kwa mti mkavu. Asitumie chuma, wala kitu chochote kilicholowa.

Mzee anafika, anainama, anatazama kama kijana anapumua. Kijana hapumui. Basi anaweka mikono yake miwili katikati ya kifua na kusukuma kwa nguvu, chini kiasi cha sentimita 5, mara 100 hata 120 kwa dakika moja, bila kuchoka. Mtoto anatumwa kuwaita watu wenye pikipiki. Baada ya muda kijana anavuta pumzi. Mkono wake umeungua, nao wanaumwagia maji safi ya baridi. Kijana anasema, "Nimepona, niacheni nilale." Mzee anakataa. Wanampeleka hospitali usiku ule ule, kwa maana umeme waweza kuunguza ndani kuliko nje, na moyo waweza kusumbuka baadaye. Kumpa maziwa au kumfukia katika udongo hakumsaidii kitu. Ni kumpotezea wakati tu.

Umeme wa nguvu nyingi

Hayo yote ni ya umeme mdogo. Mbele ya umeme mkubwa, mti mkavu si kinga tena. Umeme huo waweza kuruka hewani na kumpata mtu ambaye hajaugusa waya. Hapo hakuna wa kumwokoa mwenziwe kabla wenye kazi ya umeme hawajaukata.

Wako waliopigwa na umeme mkubwa wakapona. Tarehe 7 Juni 2016, katika kituo cha Gitaru huko Kenya, tumbili alipanda juu ya paa akaangukia transfoma. Transfoma ikazimika, mashine nyingine zikalemewa, na nchi nzima ikakosa umeme kwa muda wa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe hakufa. Watu walicheka na kustaajabu. Lakini bahati ya tumbili si fundisho la kufuata.

Fundisho liko Kinshasa. Tarehe 2 Februari 2022, waya wa umeme mkubwa ulikatika, ukaanguka katika soko la Matadi-Kibala. Mvua ilikuwa imenyesha, na chini palikuwa na maji. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama waliokuja kuuza na kununua.

Basi, waya ukianguka chini, mtu asiukaribie, hata kama hautoi cheche. Akae mbali zaidi ya mita 10, na mbali zaidi pakiwa na maji, awazuie na wengine. Akiwa karibu tayari, asikimbie. Umeme huenea ardhini, na hatua ndefu huupa njia ya kupanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Aibanishe miguu yake, asogee polepole kwa kuburuta nyayo mpaka afike mbali.

Sheria za mafundi

Mafundi wa umeme mkubwa hawategemei ushujaa, hutegemea utaratibu. Kabla ya kugusa waya hufanya mambo matano:

1. Hukata umeme.
2. Hufunga kwa kufuli mahali pa kuuwashia, mtu asiuwashe tena kwa kutojua.
3. Hupima, wapate hakika kwamba waya umekufa kweli.
4. Huunganisha waya na ardhi.
5. Huweka alama na kamba, watu wasikaribie.

Fundi mwema hafanyi kazi hiyo peke yake, wala haruki jambo hata moja kwa sababu jua linakuchwa au tajiri anamhimiza. Haraka haraka haina baraka. Fundi aliyezeeka katika kazi hii si yule asiyeogopa. Ni yule aliyepima kila mara, hata siku ile aliyodhani hakuna haja.

Maswali

1. Kwa nini ndege hafi anapotua juu ya waya mmoja?
2. Mtoto wa Nyakasanza alitaka kufanya nini kwanza? Mzee alimwambia nini?
3. Kwa nini kijana alipelekwa hospitali ingawa alisema amepona?
4. Ukiona waya umeanguka njiani, utafanya nini?
5. Taja mambo matano wanayofanya mafundi kabla ya kugusa waya.